Chakula cha Doto

Kila asubuhi, kabla jua halijashika mgongo wa jiwe, Dafroza Ntandu alijifunga kanga chini ya mbavu, akaikaza, akapanda Jiwe Kuu kwenda kukwangua. Kikwanguo chake kilikuwa cha mbao, kipana kama kiganja, kwa sababu chuma kingeng'oa mpaka mbegu. Mlendajiwe, chakula kinachoota juu ya mawe, ulitoka kwa vipande vya kijani vilivyojikunja kama magome. Wanawake wenzake waliimba wakikwangua. Dafroza hakuimba, alikuwa akilisikiliza tumbo lake. Lilianza kunguruma mapema, likavimba taratibu kadiri ndoo ilivyojaa, na ndoo ilipojaa kabisa alikaa chini akajifanya anafunga kamba za viatu mpaka msokoto upite.

Asubuhi hiyo ndoo haikujaa. Bangili ya simu ilitetemeka mkononi.

"Mtani," ilisema sauti ya Malogo, fundi wa maabara kwenye kituo cha vipimo, Mgogo asiyejua kusalimia bila kuchokoza. "Umeamka, au Wanyaturu bado mnaota?"

"Niko kazini."

"Acha kazi, njoo. Pacha wako amenenepa."

Dafroza alishusha kikwanguo. "Amefanya nini?"

"Amenenepa. Anang'aa kama bibi harusi. Wewe juzi nimekuona umebaki macho na shingo. Mmoja wenu anadanganya, na Daktari anataka kumjua kabla hajafunga jalada lako leo."

Pacha aliyesemwa hakuwa mtu. Kituo kilikuwa kimechukua kinofu kidogo kama punje ya ulezi kutoka kwenye utumbo wa Dafroza, kikakiotesha ndani ya chupa yenye maji ya uvuguvugu hadi kikawa utumbo mdogo kamili, wenye misuli yake na neva zake. Ulikula, ukasaga, ukatoa. Alichougua mwenye tumbo, pacha alikiugua pia, mbele ya vioo na vipimo, pasipo mtu kupasuliwa. Wagonjwa hawakuonyeshwa pacha wao. Ilisemekana wanaingiwa na huruma, wanaharibu kazi.

Kwa Dafroza hiki kilikuwa kipimo cha mwisho. Kabla yake walishapima choo na damu. Walishampitisha mpira wenye kamera kooni, wakampulizisha kwenye mfuko, wakampaka mafuta baridi tumboni na kumpiga picha. Kila mara alisimama daktari fulani mwenye uso mwema akamwambia, "Hongera, uko safi." Alirudi nyumbani na hongera yake, na maumivu yake. Shangazi zake walianza kusema anadeka. Mmoja alisema ndoa itamponya. Jalada likifungwa leo kwa neno "safi", hakuna mtu angelifungua tena.

*

Jikoni, mama yake alikuwa akifunika hotpoti kwa kitambaa cheupe.

Mji mzima ulimwita Mama Mlenda, ingawa jina lake ni Perpetua na kazi yake ya kwanza ilikuwa kufundisha baiolojia. Miaka ile mtama ulipokataa na alizeti ikasimama vichwa vitupu, alijifungia kwenye maabara ya shule, akachukua tabia ya mlenda wa porini akaitia kwenye ukoga unaoota juu ya mawe. Ukoga ulipokea. Uliishi kwa umande na jua, haukuomba udongo wala jembe. Watu wa Singida, waliokuwa wakichekwa kwa wingi wa mawe, sasa walikuwa wakiombwa mawe.

Lakini mwaka wa kwanza hakuna aliyethubutu kula kitu kilichobanduliwa kwenye jiwe. Mwenye chakula huonja kwanza, ndiyo desturi. Perpetua aliona kuonja mwenyewe hakutoshi. Alimchukua mwanawe wa pekee, akiwa bado mtoto wa kubebwa mgongoni, akamlisha tonge mbele ya umati. Mtoto alitafuna, akacheka, akaomba jingine. Watu wakala. Tangu siku hiyo, kila Sikukuu ya Mawe, tonge la kwanza lilikuwa la Dafroza.

Na sikukuu ilikuwa Jumamosi. Safari hii wangekuja wajumbe kutoka Dodoma, Tabora na Simiyu kuchukua mbegu.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Mbona umeshuka mapema? Gari la kituo halijapita, lakini hiki chakula cha Doto kiko tayari."

Doto ni jina alilompa pacha. Siku ile kituo kilipoeleza kwamba tumbo la binti yake litaoteshewa pacha, Perpetua aliuliza swali moja tu: nani katangulia? Wakamwambia Dafroza. "Basi huyu Kulwa, yule Doto," alisema. "Na Doto wangu hatalishwa na serikali." Toka hapo kila asubuhi alimpikia kwenye jiko la nje, peke yake, akafunga hotpoti na kulikabidhi gari lisilo dereva.

"Nitampelekea mwenyewe," alisema Dafroza. "Wameniita."

Mama alimtazama kidogo. "Wamepata?"

"Hawajasema."

"Mwambie Doto namsalimu. Na ukae wima unapoongea na daktari, usiinamishe kichwa kama mwizi wa kuku."

*

Chumba cha pacha kilikuwa na joto la kitanda kilichotoka kulaliwa. Daktari Kiula, mama mfupi mwenye miwani iliyofungwa kamba, alikuwa amekaa mbele ya chupa kubwa kama mtungi.

"Leo utamwona," alisema. "Sheria nitaijibia mimi. Njoo."

Doto alikuwa amejikunja ndani ya maji, wa rangi ya waridi, kama ngumi ya mtoto mchanga. Mawimbi madogo yalimpita mwilini, na kila wimbi lilibeba mwanga hafifu wa buluu.

"Huo mwanga ni wa chembe zake zenyewe," Daktari alieleza. "Tumezifundisha kusema. Akitulia, buluu. Akisumbuka, manjano ya moto. Tangu tumlishe chakula cha kwenu hajawahi kuondoka kwenye buluu. Hata dalili."

Dafroza alisogeza uso kwenye kioo. Alitaka kumwamkia, akaona haya. "Hujambo, Doto," alinong'ona mwishowe.

"Kulwa na Doto wamekutana," alisema Malogo akipokea hotpoti. "Ngoja tuone leo mama katuma nini." Alifungua. Harufu ya pilau na kuku wa kienyeji ilijaa chumba. "Ahaa, leo paja. Jana ilikuwa firigisi."

"Firigisi?"

"Firigisi. Nilikaribia kula mwenyewe."

"Mimi nyumbani sijawahi kupewa firigisi," alisema Dafroza.

Malogo alicheka, kisha akaacha kucheka, kwa sababu Daktari Kiula alikuwa amevua miwani.

"Dafroza," alisema polepole. "Kwenu mnakula nini kila siku?"

"Ugali wa mlendajiwe. Uji wa mlendajiwe. Mchana hivi hivi." Alitoa mfukoni kipande kikavu cha kijani, kimefungwa kwenye kitambaa. "Kuku ni wa mgeni."

"Tulimwambia mama yako alete chakula cha kila siku."

"Alisikia, Daktari." Dafroza aliona joto likimpanda usoni, nusu aibu, nusu kitu kingine kilichofanana na kicheko. "Lakini nani anampelekea mgonjwa mlenda hospitalini? Watu watasema nini? Halafu Doto ni mgeni. Hata nyinyi mngekuja nyumbani..."

"Na sisi tukasema kumbe Wanyaturu wanafaidi," alisema Malogo, "wanatudanganya na mlenda."

Daktari hakucheka. "Na wewe? Siku za kwenda kupimwa, alikupa nini usiku wa kuamkia?"

Dafroza alitazama hotpoti. Alikumbuka. Kabla ya mpira wa kamera, wali na maini. Kabla ya picha, mtori aliofundishwa mama na rafiki yake wa Moshi. Mtu anayesafiri kwenda kuonana na wakubwa haondoki na tumbo la ugali; anakula chakula cha safari, siku mbili, tatu, apate nguvu na asitie nyumba aibu. Miaka yote hiyo walikuwa wamepima tumbo lililovaa nguo za Jumapili.

"Kuku," alisema.

Daktari alirudisha miwani machoni, akanyoosha mkono kuelekea kile kipande kikavu. Kisha akausimamisha hewani.

"Huu ni utumbo wako, kwa hiyo ruhusa ni yako. Nikimpa hiki, na kama ndicho chenyewe, ataumia."

"Ataumia vipi? Ana..." Dafroza alitafuta neno. "Anajua?"

"Ana neva nyingi, hazipungui sana zile za uti wa mgongo. Kichwa hana. Sasa kuumia bila kichwa ni kuumia? Mimi sijui. Na anayekuambia anajua, usimwamini."

Dafroza alimtazama Doto anavyopitisha mawimbi yake ya buluu, ameshiba, hana habari. "Mpeni kidogo," alisema.

Malogo alikivuruga kipande kwenye maji ya moto, akakipitisha kwenye kichujio cha mfuniko, kijiko kimoja. Kwa muda hakuna kilichotokea. Doto alimeza kama alivyomeza firigisi. Kisha wimbi moja lilisimama katikati ya safari, kama mtu aliyesahau alichofuata chumbani. La pili lilikuja nyuma yake likagonga. Utumbo ulijikaza, ukajipinda, ukavimba upande wa chini, na manjano ikaanza pembeni ikatambaa hadi Doto mzima akawa anawaka ndani ya chupa.

Dafroza alijua pale tumbo lilipobana. Alijua na pale ambapo lingebana baadaye. Aliweka kidole kwenye kioo kabla halijabana, na likabana chini ya kidole chake.

Alikuwa analia, lakini kichwa kilikuwa juu, kama alivyoagizwa. Kitu alichokibeba peke yake tangu aanze sekondari sasa kilikuwa kinawaka mbele ya watu wawili wenye akili zao. Hakudeka. Hajawahi kudeka hata siku moja.

"Pole, mtani," alisema Malogo, na safari hii hakuwa na utani.

Ilichukua muda mrefu Doto kurudi buluu. Dafroza hakuketi mpaka aliporudi.

"Si sumu," Daktari Kiula alisema. "Kwa watu wengi ni chakula, na chakula kizuri. Nafikiri ni ule ute. Kwa wachache unashika neva za utumbo unazifunga. Lakini hii ni mara moja, Dafroza, na mara moja ni tukio. Nikisimama na tukio moja mbele ya chakula kilichookoa mkoa huu, nitapigwa mawe, na mawe hapa hayajawahi kupungua. Inabidi turudie."

Malogo alichukua kijiko. Kilikuwa kitupu, kimebeba harufu tu. Alipokisogeza juu ya mfuniko, Doto alijikunja. Hakuwa amelishwa kitu. Manjano ilimulika mara moja, ikazima, ikamulika tena.

Malogo alirudisha mkono nyuma. "Mmeona?"

"Mvuke unapita kwenye kichujio," alisema Daktari. "Utumbo hunusa." Lakini sauti yake haikuwa na uhakika.

"Anaogopa," alisema Dafroza.

"Nimekwambia sijui."

"Tukiacha hapa?"

"Tukiacha hapa, wewe utaacha kula mlendajiwe na utapona. Utakuwa na siri yako nzuri. Mimi nitaandika barua, wataunda kamati. Na Jumamosi mbegu zitaondoka kwenda mikoa mitatu." Daktari aliashiria ukuta wa majalada nyuma yake. "Hawa wote niliwaambia wako safi. Nimewapa hongera mmoja mmoja."

Dafroza hakupenda kumwumiza mtu. Hata sisimizi kwenye sukari aliwapuliza badala ya kuwafinya. Na huyu hakuwa mtu, alikuwa yeye mwenyewe, na hakuwa yeye. Lakini tangu utotoni alisikia jambo moja kuhusu mapacha, kwenye kila nyumba yenye mapacha: ukimpa mmoja, mpe na mwenziwe. Nguo, kofi, embe, sindano ya chanjo. Usipofanya hivyo mmoja atanyong'onyea.

"Mkimpa Doto," alisema, "nipeni na mimi."

"Haihitajiki," alisema Daktari. "Ndiyo maana tunaotesha pacha."

"Najua. Nipeni na mimi. Kijiko kwa kijiko. Hawezi kulishwa peke yake."

Malogo alimtazama Daktari. Daktari alikwenda kabatini akatoa mkanda wa kupimia, akamfunga Dafroza tumboni, pale pale kanga ilipozoea kukaa.

Ukutani palitokea mistari miwili, wa buluu wa Doto na mweupe wa Dafroza. Walipewa kijiko, huyu na huyu. Walikaa wakisubiri, Dafroza kiganja juu ya kioo chenye joto. Mstari wa Doto ulianza kupanda. Mweupe ulifuata. Uliposimama huu, ulisimama na ule. Ulipovunjika huu, ulivunjika na ule. Dafroza alikunja miguu, akauma kanga, hakuondoa mkono.

"Walau leo," alisema alipoweza kupumua, "siko peke yangu."

Daktari Kiula alikuwa amesimama karibu na ukuta mpaka pua inakaribia kuugusa. "Hili," alisema, "halina wa kulipinga."

*

Alirudi nyumbani jioni na hotpoti likiwa bado na pilau.

Mama yake alikuwa uani, akipanga mifuko ya mbegu kwa ajili ya wajumbe, kila mfuko umefungwa utepe. Aliipanga kama mtu anavyowapanga watoto kwenda kanisani, akirekebisha huyu bega, huyu kola.

"Hakula?" aliuliza alipoinua hotpoti akaona ni zito.

"Leo walimpa mlenda."

Perpetua alisimama. "Mlenda? Nani kampa mgeni mlenda?"

"Mama, Doto..." Maneno yalikuwa tayari, Dafroza alikuwa ameyapanga njia nzima. Lakini aliona mikono ya mama, yenye mabaka ya kijani yasiyotoka hata kwa sabuni, imeshika utepe. "Doto hapendi mlenda."

"Hajaupata ulioiva vizuri. Wamempa vile vipande vyako vikavu, sivyo?" Mama alirudi kwenye mifuko yake. "Dafroza, kama una neno, liseme. Mimi si mtaalamu wa mafumbo. Unakumbuka mwaka ule wa Jiwe la Fisi?"

Nani asingekumbuka? Mlendajiwe wa jiwe lile ulitoka na uchungu kidogo, watu wakaula wakanyamaza kwa heshima. Perpetua alipouonja mwenyewe alipanda juu na moto, akauchoma wote mchana kweupe. Aliposhuka aliwagombeza kwa kunyamaza, hakuwagombeza kwa uchungu.

"Nakumbuka."

"Haya." Alingoja. Dafroza alitazama utepe. Mama alipumua. "Jumamosi Doto aje. Siku ya sikukuu mgeni hashindi hospitali. Mwambie yule Mgogo ambebe vizuri."

*

Jumamosi uwanja chini ya Jiwe Kuu ulijaa. Wajumbe walikaa kwenye viti vya mbele, magari yao yamepangwa tayari kubeba. Wanafunzi waliimba kwamba mawe yamezaa. Mzungumzaji mmoja baada ya mwingine alimtaja Mama Mlenda, na kila alipotajwa Dafroza aliona mabega yake mwenyewe yakipanda kidogo. Hakuweza kuyazuia. Alijivunia mama yake siku hiyo kuliko siku yoyote, na ndiyo maana mdomo wake ulikuwa mkavu.

Malogo alikuwa amemweka Doto kwenye meza ya wageni wa heshima, ndani ya chupa ya safari, na pembeni Daktari Kiula ameketi na mikono mapajani. Mjumbe kutoka Tabora aliuliza ni samaki wa aina gani.

"Huyu ni mtoto wa nyumba hii," Malogo alimjibu. "Wa pili kuzaliwa."

Wakati wa tonge ulifika. Perpetua alivaa kitenge kipya, akachota ugali wa kijani unaofuka, akaufinyanga kwa vidole vyake, akaanza kutembea kuelekea alipo binti yake. Njia yake ilipita mbele ya meza ya wageni. Alisimama kumsalimu Doto. Ndivyo alivyo, hampiti mgeni bila salamu. Aliinama, tonge mkononi, mvuke wake ukagusa mfuniko.

Doto alijikunja.

Manjano ilitokea kama kiberiti kwenye chumba cha giza. Watu wa mbele walidhani ni sehemu ya maonyesho, wakapiga makofi. Perpetua hakunyanyuka. Alirudisha tonge nyuma, Doto akatulia. Alilisogeza, akawaka. Akalirudisha tena. Dafroza alimjua mama yake. Alikuwa ameacha kuwa mwenyeji wa sikukuu, amekuwa mwalimu wa baiolojia, anarudia jaribio. Kisha Perpetua aligeuza kichwa taratibu, akatazama kanga iliyokazwa chini ya mbavu za binti yake. Aliitazama kama kitu alichokiona kila siku bila kukisoma.

Alikuja mpaka mbele yake.

"Huyu ni wewe," alisema kwa sauti ya chini.

"Ndiyo, Mama."

"Tangu lini?"

"Zamani."

"Na kila mwaka nilikulisha hapa. Mbele ya watu."

"Hukujua, Mama. Hata mimi sikuwa na hakika." Machozi yalimtoka, akasema kwa sauti ambayo mama yake tu angeweza kuisikia: "Kinaniumiza."

Uwanja ulianza kunong'ona. Mjumbe wa Simiyu alitazama saa. Perpetua alibaki na tonge kiganjani, na uso wake ulipita mahali ambapo Dafroza hakuweza kumfuata. Kisha kidevu kikapanda. Alilitia tonge mdomoni mwake mwenyewe, akatafuna, akameza, kama mwenye chakula. Akaenda kwenye jukwaa, akachukua kipaza sauti, na watu wakanyamaza wakijua atahutubia.

Hakuhutubia. Alirudi nacho mpaka kwa Dafroza, akakiweka mkononi mwake, akavikunja vidole vyake juu yake kimoja kimoja.

"Sema kwa sauti," alisema. "Wa nyuma wasikie."

"Mama, siwezi."

"Umeweza kuumwa miaka yote hiyo bila kupiga kelele. Hili dogo. Simama wima."

Dafroza alisimama wima. Aliona viti vya mbele, na nyuma yake nyuso zote alizokua nazo. Shangazi zake walikuwepo. Kulikuwa na mwanamke fulani kando, amejifunga kanga chini ya mbavu kama yeye. Alishangaa kwa nini hajawahi kumwona.

"Naitwa Dafroza Ntandu," alisema, na sauti yake ikamrudia kutoka kwenye jiwe, kubwa kuliko alivyoitegemea. "Mimi ndiye mliyeniona nikila mwaka wa kwanza, mkala. Chakula hiki alikibuni mama yangu. Kilituweka hai, na mimi kinaniumiza tumbo. Kimepimwa, imeonekana. Kuna wengine kinawaumiza, wameambiwa wako safi kama nilivyoambiwa. Hamdeki. Nendeni kwa Daktari Kiula, yule pale, atawapima upya, na msile kuku kabla."

Mtu alicheka, akanyamazishwa. Yule mwanamke wa kando alikuwa ameinua mkono, hajui kama anaruhusiwa.

Dafroza aligeuka kwa wajumbe.

"Wageni wetu, mbegu hizi hazitaondoka leo. Zitaondoka mama akishazitengeneza upya. Alitoa chakula kwenye jiwe mara ya kwanza akiwa hana kitu, hana wa kumsaidia. Safari hii ana mimi, na ana Doto, na hatutamwonjea tena kimya kimya."